Maswali ya Wasomaji: Anayekosa Jibu la Siasa, Hajui au Anatetea Upande Wake?

Uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027 haujafika, lakini hojaji zimeshafika. Mwezi huu tumepokea barua nyingi za watu wanaozunguka mitaani wakiwauliza wananchi maswali kuhusu serikali, ili wajue wafuasi wa upande gani wanaelewa siasa zaidi. Kazi hiyo ni njema, ila ina hatari yake: ukimwita mtu mjinga kwa kosa lililo kwenye swali lako, umemdhulumu. Tumejibu barua nane.

SWALI: Sisi ni wanafunzi wa chuo hapa Kisumu. Tuliwahoji watu 300 Kondele, Nyalenda na soko la Kibuye. Swali moja lilikuwa: "Kati ya Oktoba 2022 na Oktoba 2024, mfumuko wa bei nchini ulipanda, ulishuka, au ulibaki pale pale?" Waliosema wanaunga mkono serikali walipatia kwa wingi kuliko wanaoipinga. Hatukuweka jibu la "sijui" kwa sababu tuliambiwa wahojiwa wavivu hujificha hapo. Je, tuandike kwamba wafuasi wa serikali wana ujuzi zaidi wa uchumi? (Kikundi cha wanafunzi, Kisumu)

JIBU: Msiandike hivyo. Jibu sahihi ni "ulishuka": kwa takwimu za KNBS, shirika la takwimu la taifa, mfumuko ulikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022 na asilimia 2.7 Oktoba 2024. Lakini jibu hilo sahihi ndilo pia linalompendeza anayeipenda serikali. Mtu asiyejua, mkimlazimisha kuchagua, hachagui kama anayerusha sarafu. Anajiuliza, "Hawa watu wameiendesha nchi vizuri au vibaya?" kisha analijibu swali hilo badala ya lenu.

Pigeni hesabu hii, ya mfano tu. Tuseme mna wafuasi 100 wa serikali na wapinzani 100, na kila upande una watu 30 wanaojua jibu kwa hakika. Ujuzi ni sawa kabisa. Wanaobaki ni 70 kila upande, nao wanabahatisha. Kwa wafuasi wa serikali, 6 kati ya kila 10 wanaobahatisha wanachagua "ulishuka", yaani 42. Jumla ya waliopatia ni 72. Kwa wapinzani, 2 tu kati ya 10 wanachagua "ulishuka", yaani 14. Jumla yao ni 44. Mmepata pengo la alama 28 kati ya watu wenye ujuzi ule ule. Hojaji yenu ndiyo iliyolizaa.

Msikimbilie ile kanuni ya shuleni ya kuondoa kubahatisha, ya kutoa makosa yaliyogawanywa kwa idadi ya majibu kasoro moja. Kanuni hiyo inadhani kila anayebahatisha ana nafasi sawa ya kuchagua jibu lolote. Hapa, ijaribuni: upande wa serikali ni 72 kutoa nusu ya 28, yaani 58. Upinzani ni 44 kutoa nusu ya 56, yaani 16. Pengo limetoka 28 likafika 42. Dawa imezidisha ugonjwa, kwa sababu kubahatisha kwenyewe kumeegemea upande.

Kwa hiyo "sijui" iwepo, tena isomwe kwa sauti pamoja na majibu mengine, na kabla ya swali la kwanza mhojaji aseme maneno ya kumpa mtu ruhusa: "Maswali haya si mtihani. Watu wengi hawayajui yote. Usipojua, niambie tu hujui, tutaendelea." Msiseme "jaribu tu" wala "unafikiri ni lipi?" Mhojaji akisikia "sijui", au "akia" kwa mama wa Nyalenda anayejibu kwa Dholuo, aandike na kuendelea. Asirudie swali, asikunje uso. Wahojaji wengi huharibu hapa kwa wema: wanamwonea mhojiwa huruma na kumpa nafasi ya pili, na nafasi ya pili hutumiwa kubahatisha.

Aliyewaambia kuhusu uvivu ana hoja kiasi. Mtafiti Jeffery Mondak wa Marekani amesisitiza kwa miaka mingi kwamba "sijui" huchanganya ujinga na haya, na mwaka 2004 yeye na Mary Anderson walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya alama kati ya wanaume na wanawake hutokana na wanawake kukubali upesi kwamba hawajui. Kwa hiyo, ikiwa upande mmoja katika sampuli yenu una wanawake wengi zaidi, angalieni hilo kabla ya kusema lolote kuhusu vyama. Lakini mwaka 2011 Robert Luskin na John Bullock walijaribu kuwasukuma watu waliosema "sijui", wakakuta chini ya neno hilo hapakuwa na ujuzi mwingi uliofichwa. Sisi tunasimama nao pale swali linapohusu vyama.

Mkitaka pia kupima nusu-ujuzi, tumieni kipimo cha uhakika. Soma kauli moja: "Bei zilikuwa zinapanda kwa kasi zaidi Oktoba 2022 kuliko Oktoba 2024." Mpe mhojiwa maharagwe 10 na vikombe viwili, kimoja cha "kweli" na kimoja cha "si kweli", agawe maharagwe kulingana na anavyoamini. Anayeweka yote 10 upande sahihi anajua. Anayeweka 6 na 4 anahisi tu. Carrie Roush na Gaurav Sood walichapisha mwaka 2023 uchunguzi wa namna hii Marekani: ukihesabu kuwa ujuzi ni uhakika kamili tu, mapengo mengi ya kivyama yaliyozoeleka hupungua sana. Changanyeni kauli za kweli na za uongo nusu kwa nusu, maana wapo watu wanaokubali kila wanachoambiwa na mgeni kwa adabu tu.

Na tazameni lugha yenu. "Mfumuko wa bei umeshuka" mtu wa Kibuye anaisikia "bei zimeshuka", naye ameununua unga asubuhi hiyo. Mfumuko ukishuka kutoka 9.6 hadi 2.7, bei bado zinapanda, ila polepole. Anayewajibu "ulipanda" huenda anazungumzia pakiti ya kilo 2, na kuhusu pakiti hiyo yeye ndiye mjuzi. Neno "kasi" kwenye kauli ya juu linapunguza utata huo. Mkitafsiri kwa Dholuo, mtu wa pili asiyeijua hojaji airudishe tafsiri kwa Kiswahili, mlinganishe.

SWALI: Redio yetu ya mtaani inataka kuuliza: "Tangu Rais Ruto aingie madarakani, ushuru wa VAT kwa mafuta umepanda au umeshuka?" Mwenzangu anataka jina la Rais litolewe. Mimi naona linasaidia watu kukumbuka kipindi. (Mtangazaji, Nakuru)

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Jina la kiongozi kwenye swali ni kama firimbi uwanjani: kila mtu anakumbuka jezi yake. Kipindi kinatajwa kwa mwaka. Uliza: "Mwaka 2023 Bunge lilibadilisha VAT ya petroli na dizeli. Kiwango kipya kilikuwa asilimia ngapi: 8, 12, 16, au hujui?" Jibu ni 16, kutoka 8, kwa Sheria ya Fedha ya 2023.

Kwamba watu hushangilia ndani ya hojaji si dhana. Mwaka 2017 Brian Schaffner na Samantha Luks waliwaonyesha Wamarekani picha mbili za umati, moja ya kuapishwa kwa Obama mwaka 2009, nyingine ya kuapishwa kwa Trump mwaka 2017, wakauliza ni ipi yenye watu wengi zaidi. Jibu lilionekana kwa macho. Hata hivyo baadhi ya wapiga kura wa Trump walichagua picha yenye watu wachache. Hao hawakukosa kuona. Walikuwa wanasema wako upande gani.

Swali la VAT lina kasoro kinyume na lile la Kisumu: jibu lake sahihi linampendeza mpinzani. Kwa hiyo usiliache peke yake, na lile la mfumuko nalo lisiwe peke yake. Katika maswali 9, weka 3 ambayo ukweli wake unapendeza serikali, 3 unaopendeza wapinzani, na 3 yasiyo na upande, mfano idadi ya wadi za kaunti (Nakuru ni 55), au kama polisi ni kazi ya kaunti au ya serikali ya kitaifa. Kisha toa alama za kila kundi la maswali kivyake. Upande ukifanya vizuri kwenye maswali yanayoupendeza na vibaya kwenye yasiyoupendeza, huku kwenye yale ya katikati pande zikiwa sawa, umeona ushabiki. Ujuzi halisi huonekana kote.

Ikiwa bado mnabishana kuhusu jina, nusu ya wahojiwa wasomewe swali lenye jina na nusu lisilo na jina, simu ichague yenyewe bila mpangilio. Tofauti kati ya nusu hizo ndiyo kazi ya jina.

SWALI: Tunauliza, "Nani alishinda urais mwaka 2022?" Baadhi ya watu huku wanajibu Raila Odinga, tena wanajua vizuri tunachotafuta. Tuwape sifuri? (Mhojaji, Siaya)

JIBU: Msiwape sifuri. Swali lenu limefunga mambo matatu kamba moja: tume ya uchaguzi (IEBC) ilitangaza nini, mahakama iliamua nini, na mtu mwenyewe anaamini nini. Yafungueni. "IEBC ilimtangaza nani kuwa mshindi wa urais Agosti 2022?" Jibu ni William Ruto, kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga. "Tarehe 5 Septemba 2022 Mahakama ya Juu iliamua nini kuhusu kesi za urais?" Iliudumisha ushindi. Kisha, baadaye na kwa namba yake, "Wewe binafsi unaamini nani alipata kura nyingi?" Hilo la tatu ni imani. Lisiingie kwenye jumla ya alama za ujuzi, na mhojaji asilibishie.

Mtu anayetaja uamuzi wa mahakama bila kusita, halafu akasema haukubali, anajua siasa kuliko anayekubali kila kitu bila kujua kesi ilikuwapo. Hojaji yenu ya sasa inampa huyu wa pili alama na kumnyima wa kwanza.

SWALI: Tuliuliza swali la wazi: "Taja Spika wa Bunge la Taifa." Majibu tuliyopata ni pamoja na "Wetangula", "Weta", "Papa wa Roma" na "yule wa Ford Kenya". Tusahihishe vipi? Na kwa nini hapa kwetu karibu kila mtu amepatia, bila kujali chama? (Mwalimu, Bungoma)

JIBU: Mwalimu, la pili kwanza: Moses Wetang'ula ni wa kwenu. Swali hilo Bungoma linapima ujirani. Kote nchini lingefaa, lakini ndani ya kaunti moja uliza mtu asiye wa hapo, au uliza kazi badala ya jina: "Bunge la Taifa linaongozwa na nani, Rais, Spika au Jaji Mkuu?"

La kwanza ni la daftari la usahihishaji, nalo huandikwa kabla hujafungua majibu. Andika orodha: jina kwa tahajia yoyote, "Weta" na "Papa wa Roma" ni sahihi, kwa kuwa lakabu hizo zinamtambulisha yeye peke yake. "Yule wa Ford Kenya" ipe nusu alama au iweke kando, mradi umeamua mapema. Wasahihishaji wawe wawili, kila mtu peke yake, na safu ya chama ifichwe. Majibu 50 ya kwanza wakitofautiana kwa zaidi ya 5, kanuni zenu bado hazijaeleweka, zirekebisheni na muanze upya.

Ukali wa kupita kiasi umeshawaponza wakubwa. Katika utafiti wa taifa wa uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2000, watu waliulizwa William Rehnquist ana kazi gani. Aliyejibu kwamba ni jaji wa Mahakama ya Juu aliwekewa kosa, kwa sababu hakusema kwamba ndiye jaji *mkuu*. James Gibson na Gregory Caldeira waliyafufua majibu hayo miaka baadaye, wakaonyesha kwamba Wamarekani wengi walihesabiwa hawajui kitu walichokijua kwa sehemu kubwa. Kosa hilo halikuwa na chama. Lakini lakabu, Mwalimu, huwa na chama: mashabiki wana jina lao na wapinzani wana lao. Ukikubali jina rasmi tu, unaweza kuukata upande mmoja zaidi ya mwingine bila kujua.

SWALI: Nimesikia kwamba ukimlipa mtu kwa jibu sahihi anaacha ushabiki. Tuna bajeti ndogo ya kredo ya simu. Tuigawe vipi? (Afisa wa shirika la kijamii, Kakamega)

JIBU: Umesikia sawa. John Bullock na wenzake walichapisha jaribio hilo mwaka 2015: malipo madogo kwa jibu sahihi yalipunguza sana pengo kati ya wafuasi wa vyama viwili vikuu vya Marekani, Democrats na Republicans, na kulipia pia "sijui" kulilipunguza zaidi. Markus Prior na wenzake walipata matokeo yanayofanana mwaka huo huo.

Siri iko kwenye bei ya "sijui". Tuseme jibu sahihi ni kredo ya Sh20. Kwenye swali la majibu manne, anayebahatisha kipofu anatarajia wastani wa Sh5. Basi "sijui" iwe Sh6 au Sh7, ili ukweli umlipe kuliko bahati. Swali la majibu matatu, bahati ni karibu Sh6.70, kwa hiyo "sijui" iwe Sh8. La kweli au si kweli, bahati ni Sh10, weka Sh12. Usiipandishe hadi Sh15: hapo hata mwenye uhakika wa saba kwa kumi atanyamaza achukue zake. Jambo rahisi ni kuyafanya maswali yote yawe ya majibu manne, ili bei iwe moja na mhojaji asijikanganye.

Gawa wahojiwa nusu kwa nusu kwa bahati nasibu. Nusu moja inaambiwa kabla ya swali la kwanza namna malipo yanavyohesabiwa. Nusu nyingine haiambiwi lolote, lakini mwishoni inapewa kredo ya kiasi kilichopangwa, kinachokaribia wastani wa wenzao. Usipofanya hivyo, kijijini patazuka maneno kabla ya saa sita, na nyumba ya kumi itajua majibu ya nyumba ya kwanza. Ndiyo maana pia ni heri mwende kijiji kimoja kwa siku moja na kukimaliza. Kwa mahojiano ya simu, malipo humtuma mtu kutafuta jibu kwenye intaneti, basi weka sekunde 20 kwa kila swali na uangalie muda uliorekodiwa.

Namba za simu za kutumiwa kredo ziandikwe kwenye karatasi tofauti na majibu, na zifutwe kazi ikiisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata nyinyi wadogo, na maoni ya kisiasa yaliyounganishwa na namba ya simu ni hatari kwa mwenyewe.

Pengo la wasiolipwa likiwa kubwa kuliko la waliolipwa, tofauti hiyo ndiyo ushangiliaji. Soma kwa tahadhari lakini: wengine, wakionyeshwa pesa, husema wanachodhani *wewe* unakiona sahihi, wala si wanachoamini.

SWALI: Naweza kuweka maswali haya kwenye makundi ya WhatsApp ya wadi? (Kijana, Busia)

JIBU: Kwa kujaribu kama maswali yanaeleweka, ndiyo. Kwa kulinganisha vyama, hapana. Wanaojibu ni wapenzi wa siasa, kila mtu anaona wenzake wamejibu nini, na majibu sahihi yako umbali wa kidole kimoja.

SWALI: Tuna mpango wa kulinganisha Nakuru na Kisumu: Nakuru iwakilishe UDA, chama cha Rais Ruto, na Kisumu iwakilishe ODM, chama cha Raila Odinga. Watu 150 kila upande. Je, inatosha? (Mtafiti, Nakuru)

JIBU: Idadi haitoshi, lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba mpango huu unalinganisha kaunti na kuziita vyama. Watu wa Nakuru na wa Kisumu hawasikilizi redio zile zile kwa lugha zile zile, hawana umri mmoja wala elimu moja. Pengo lolote mtakalopata linaweza kuwa la redio.

Linganisheni wafuasi wa pande zote *ndani* ya kila kaunti. Nakuru ina wadi 55 katika maeneobunge 11, Kisumu ina 35 katika 7. Chagueni wadi kwa bahati nasibu, zenye wapiga kura wengi ziwe na nafasi kubwa zaidi, kwa mfano wadi 20 na watu 20 kila wadi. Kisha ongezeni kwa makusudi maeneo yenye mchanganyiko, kama Kaptembwa kwa Nakuru na Muhoroni kwenye miwa kwa upande wa Kisumu, ili upande ulio wachache upate watu wa kutosha. Maeneo hayo ya nyongeza yapewe uzito wake wakati wa kujumlisha, yasiivute kaunti nzima.

Kuhusu idadi, kinachowahusu ni kosa la sampuli (kiasi ambacho namba inaweza kupotoka kwa kuwa hamkuwahoji watu wote) la *tofauti* kati ya makundi mawili, ambalo ni kubwa kuliko kosa la kundi moja. Watu 150 kwa 150: takriban alama 11 juu au chini. Mkipata 240 upande mmoja na 60 mwingine, kosa linafika 14, japo jumla bado ni 300. Watu 400 kwa 400: takriban 7. Na kwa kuwa mnawahoji majirani 20 wanaofanana, zidisheni kwa karibu 1.2, hiyo 7 iwe takriban 8.4. Pengo la alama 6 hapo si habari.

Sasa chama chenyewe. Seneti ilimwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua tarehe 17 Oktoba 2024. UDA na ODM walitia saini mkataba wa ushirikiano tarehe 7 Machi 2025. Mtu wa Subukia aliyempigia Ruto kura 2022 huenda leo anaipinga serikali, na mtu wa Nyakach aliyempigia Raila huenda anaiona serikali kama yake kwa sehemu. Neno "upinzani" limekuwa na maana tofauti kwa kila anayelisikia. Ulizeni mambo matatu kwa maswali matatu: ulimpigia nani kura 2022, ikiwemo nafasi ya kusema hukupiga, chama gani unajihisi karibu nacho leo, kikiwemo "hakuna", na una imani kiasi gani na serikali ya sasa. Kisha andikeni, kabla ya kwenda uwanjani, ni lipi litakalotumika kugawa makundi. Mkisubiri muone namba, mtachagua lenye pengo kubwa, hata kama hamkukusudia. Kura ya 2022 ina ugonjwa wake pia: watu hupenda kukumbuka kwamba walimpigia aliyeshinda.

Maswali hayo yaje mwisho. Ukianza na "Wewe ni wa chama gani?" umemvisha mtu jezi, na maswali yote ya ujuzi yanayofuata atayajibu akiwa ndani ya jezi. Nakuru kuna sababu nyingine. Mji huu uliona damu Januari 2008, na mgeni mwenye karatasi anayeuliza ulipiga kura wapi bado anatisha. Mpe mhojiwa kipande cha karatasi, atie alama mwenyewe, akitie kwenye bahasha na kuifunga. Bahasha iwe na namba inayolingana na hojaji tu. Msiulize kabila wala jina la ukoo mwanzoni. Kama ni lazima, iwe baada ya bahasha.

Kwenye ripoti toeni pengo mara mbili: lilivyo, na lilivyo baada ya kuwalinganisha watu wa elimu, umri na jinsia sawa. Chapisheni maneno kamili ya kila swali na asilimia za "sijui" kwa kila upande. Msomaji akiona "sijui" ni chache mno kwa maswali magumu, atajua kwamba watu walisukumwa.

SWALI: Wahojaji wetu wavae nini? Tumepewa fulana za bure. (Mratibu, Vihiga)

JIBU: Tazameni rangi kwanza. Njano inasomeka UDA, ya chungwa inasomeka ODM, na mhojiwa atapanga majibu yake kabla hamjasalimiana. Nyeupe tupu au kijivu inafaa. Kofia na mifuko pia, pamoja na pikipiki: bodaboda mnayoikodi isiwe na kibandiko cha mgombea. Kila mhojaji ahojiane na watu wa pande zote, asipewe kijiji kimoja cha upande mmoja, na namba yake iandikwe kwenye kila hojaji. Mkikuta wahojiwa wa mhojaji mmoja wana "sijui" mara mbili ya wenzake, au hawana hata moja, mpigieni simu mumsikilize anavyosoma maswali kabla hajaenda nyumba nyingine.